Ubaguzi wa rangi mitandaoni kwa wanamichezo na wanamuziki: tunapima kosa au tunapima jezi?

Mleta mada

Wanajukwaa, tarehe 29 Novemba 2020 Manchester United walikuwa nyuma kwa mabao 2 ugenini Southampton, ndipo Edinson Cavani, mshambuliaji wao kutoka Uruguay, akaingizwa baada ya mapumziko. Alitoa pasi ya bao la kwanza, akafunga mengine mawili, la mwisho likiingia katika dakika za nyongeza, na timu yake ikaondoka na ushindi wa 3-2. Baada ya mechi rafiki yake alimpongeza kupitia Instagram, naye akamjibu kwa maneno mawili ya Kihispania: "Gracias negrito". Neno la kwanza ni asante, na la pili linatokana na neno "mweusi" lililofanywa dogo, kama vile mtu anavyomwita mwenzake kwa kumdekeza. Cavani alilifuta mwenyewe, lakini picha za skrini zilikuwa zimeshazunguka. Siku ya mwisho ya mwaka ule Chama cha Soka cha England, FA, kilimfungia mechi 3 na kumtoza faini ya pauni 100,000.

Mwaka mmoja kabla, Septemba 2019, Bernardo Silva wa Manchester City aliweka Twitter picha ya utotoni ya mchezaji mwenzake, Benjamin Mendy, kando ya katuni iliyo kwenye pakiti za Conguitos, karanga zilizofunikwa chokoleti zinazojulikana sana Hispania na Ureno, akawauliza wafuasi wake wakisie huyo ni nani. Katuni yenyewe ni kijitu cha rangi ya chokoleti chenye midomo minene myekundu. FA ilimfungia mechi 1 na kumtoza pauni 50,000.

Niliifuatilia mijadala ya matukio yote mawili kwa karibu sana, na kilichonishtua hakikuwa ukubwa wala udogo wa adhabu, bali sisi mashabiki. Watu walioandika kurasa kwa kurasa mwaka 2019 kwamba Silva ni mbaguzi na kwamba mechi 1 ni dhihaka kwa watu weusi, ndio haohao niliowakuta mwaka uliofuata wakitoa darasa la Kihispania cha Uruguay na kueleza kwamba neno la Cavani ni la upendo. Na waliomtetea Silva kwamba ulikuwa utani wa marafiki, sasa walikuwa wameshika bango la kupinga ubaguzi wakitaka Cavani afungiwe msimu mzima. Hakuna aliyebadili fikra zake kuhusu ubaguzi. Kilichobadilika ni jezi ya mtuhumiwa. Wahenga walilimaliza jambo hili kwa maneno machache, kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hoja yangu, basi, ni kwamba ubaguzi wa rangi mitandaoni haustawi kwa sababu ya wabaguzi peke yao. Unastawi kwa sababu sisi wengine, ambao hatujawahi kuandika tusi la rangi, tumegeuka mawakili wa kila nyota tunayempenda na waendesha mashtaka wa kila nyota tusiyempenda. Mbaguzi anajua kwamba akivaa rangi zetu tutamtafutia kisingizio kabla hajakitafuta mwenyewe.

Tuchukue usiku wa tarehe 11 Julai 2021 pale Wembley, fainali ya Euro 2020 iliyokuwa imeahirishwa mwaka mmoja. Marcus Rashford aligonga mwamba, Jadon Sancho akapanguliwa, kisha Bukayo Saka, kijana wa miaka 19, akapanguliwa pia na Italia wakatwaa kombe. Kabla ya usiku kuisha, kurasa za vijana hao watatu zilikuwa zimejaa emoji za nyani na matusi ambayo sitayarudia hapa. Twitter ilisema iliondoa zaidi ya jumbe 1,000 ndani ya saa 24, na mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alikiri baadaye kwamba baadhi ya maoni yaliyoripotiwa yaliachwa kimakosa kana kwamba hayakukiuka kanuni. Siku chache baadaye Saka aliandika kwamba alitambua mara moja ni chuki ya aina gani iliyokuwa inamjia. Someni tena maneno hayo polepole. Kijana anasimama uwanjani mbele ya nchi nzima, amevunjika moyo kama mchezaji yeyote aliyekosa penalti ya mwisho, na tayari anajua kitu gani kinamsubiri ndani ya simu yake.

Wiki ile karibu kila mtu alikuwa upande wa Saka, nami nilifarijika. Hata hivyo, miongoni mwa waliomtetea nilitambua majina ya watu ambao msimu mzima, alipokuwa katika jezi ya Arsenal, walikuwa wakicheka na kupenda maoni ya namna ileile, ambayo tofauti yake ilikuwa kwamba hayakuwa na emoji.

Julai 2024 tuliuona mfano ulio wazi zaidi. Argentina walikuwa wametoka kushinda Copa América mjini Miami, na Enzo Fernández akarusha mubashara Instagram kutoka ndani ya basi la timu, wachezaji wakiimba wimbo unaowakebehi wachezaji wa Ufaransa kwa asili zao za Kiafrika. Wimbo huo haukuwa mpya, kwani mashabiki walikuwa wameuimba tangu Kombe la Dunia la 2022. Fernández alikuwa akicheza Chelsea pamoja na Wafaransa kadhaa weusi, na mmoja wao, Wesley Fofana, aliiweka video hiyo hadharani na kuiita ubaguzi usio na haya. Fernández aliomba radhi, klabu ikaanza utaratibu wa nidhamu, na shirikisho la Ufaransa likapeleka malalamiko FIFA. Kule Argentina naibu waziri wa michezo aliyependekeza kwamba Lionel Messi kama nahodha aombe radhi aliondolewa kazini, na makamu wa rais akaandika kwenye X kumtetea mchezaji na kuwashambulia wakoloni. Jezi ya taifa nayo ni jezi, na pengine ndiyo nzito kuliko zote.

Nawaomba mnaochangia mfanye jaribio moja kabla ya kuandika. Chukueni tukio lolote kati ya haya, badilisheni majina na klabu, kisha mjiulize kama hukumu yenu ingebaki palepale.

Mchangiaji wa 2

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu ushabiki, lakini umewaweka Cavani na Fernández katika kapu moja na hilo si haki. Katika nchi za Río de la Plata, yaani Uruguay na Argentina, watu huitana "negro" na "negrito" nyumbani, mume kwa mke, mama kwa mtoto, bila kujali rangi ya ngozi ya anayeitwa. Chuo cha lugha cha Uruguay, Academia Nacional de Letras, kilitoa tamko la kupinga adhabu ile na kusema kwamba FA haikuielewa lugha yenyewe. Cavani alimjibu rafiki yake kwa lugha ya kwao, akakubali adhabu kwa heshima ingawa hakuiona kuwa sahihi. Fernández aliimba wimbo uliotungwa makusudi kuwadhalilisha watu. Wa kwanza ana neno lenye maana mbili, wa pili ana maana moja tu. Tukiwaadhibu wote kwa sentensi moja, tutakuwa tumewapa wabaguzi wa kweli nafasi ya kujificha nyuma ya wasio na hatia.

Mleta mada

Mkuu, hoja yako ina uzito, na sehemu yake naikubali bila kinyongo. Cavani si Fernández, na sijaona popote kwamba Cavani alikusudia kumdhalilisha mtu. Ningekuwa kwenye jopo lile ningempa onyo na elimu, si mechi 3.

Ninachokataa ni kwamba maana ya neno hubaki kwa msemaji peke yake. Neno la sebuleni lina wasikilizaji wa sebuleni, wanaojuana na waliolelewa pamoja. Likishawekwa kwenye ukurasa unaosomwa na mamilioni ya watu wa lugha zote, msemaji ameshalitoa nje ya sebule, na miongoni mwa wanaolisoma wamo watu ambao neno la sauti hiyohiyo walirushiwa wakiwa wamelala chini uwanjani. Cavani aliuelewa ukweli huo haraka kuliko mashabiki wake, maana alifuta na kuomba radhi wakati sisi bado tulikuwa tunafungua kamusi.

Suala la Silva linaniumiza zaidi, na sababu yake ni Raheem Sterling, mchezaji mweusi aliyekuwa naye Manchester City. Desemba 2018, siku moja baada ya kutukanwa na mashabiki pale Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, Sterling aliandika Instagram akilinganisha jinsi gazeti moja lilivyowaandika wachezaji wawili vijana wa klabu yake, mweusi na mweupe, waliowanunulia mama zao nyumba. Kwa mweusi habari ilikuwa ubadhirifu, na kwa mweupe ilikuwa mtoto mwema. Andiko lile lilibadilisha mjadala wote wa soka la England. Mwaka uliofuata Sterling huyohuyo alisimama kumtetea Silva kwamba alikuwa anataniana na rafiki. Simlaumu, kwa kuwa aliwajua wote wawili na mimi sikuwajua. Lakini ikiwa hata yeye, aliyeona kwa uwazi kiasi kile, alivutwa na urafiki wa chumba cha kubadilishia nguo, sisi tulio na picha za klabu kwenye simu zetu tuna kinga gani?

Mchangiaji wa 3

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Dawa ni moja: kila anayefungua akaunti alazimishwe kutumia kitambulisho. Watu hutukana kwa sababu wamejificha nyuma ya majina ya bandia, na siku watakapojulikana watanyamaza.

Mchangiaji wa 4

Ndugu wa hapo juu, niliamini hivyo hadi Twitter walipotoa uchambuzi wao Agosti 2021 kuhusu akaunti walizozifungia baada ya ile fainali ya Wembley. Asilimia 99 ya wamiliki wa akaunti hizo walikuwa wanatambulika, na nchi iliyoongoza kwa matusi yale ilikuwa Uingereza yenyewe. Kijana mmoja wa miaka 19 aliyemtukana Rashford alibadilisha jina la akaunti yake baada ya kuripotiwa akidhani amejiokoa, polisi wakamfikia hata hivyo, na Machi 2022 akahukumiwa kifungo cha wiki 6. Tatizo ni kwamba wengi wao hawakuona sababu ya kujificha. Kitambulisho kitamzuia mwenye aibu, na hawa hawakuwa nayo.

Afadhali wajibu uwekwe kwa kampuni zenye mitandao, kama Uingereza ilivyofanya katika sheria ya usalama mtandaoni ya 2023, ambayo inaruhusu faini ya hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, ipi kati ya hizo ni kubwa zaidi.

Mchangiaji wa 5

Nimesoma kimya hadi hapa, lakini nafikiri nina jambo la kuongeza, kwa kuwa kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi kubwa la mashabiki wa klabu moja ambayo sitaitaja.

Watu wengi hudhani kazi ya msimamizi ni kufuta matusi. Matusi ya wazi ni rahisi, kwa sababu neno lenyewe linajulikana na mitambo ya mtandao hulikamata mara nyingi kabla yetu. Kazi inayochosha ni maoni ambayo hayana tusi ndani yake. Nitawapa mfano wa usiku mmoja. Beki wetu, kijana mweusi, alisababisha penalti dakika ya 88 na tukafungwa. Niliweka picha yake kwenye kundi pamoja na maneno ya kumtia moyo. Maoni ya kwanza yalikuwa "Pole sana kijana", na mbele yake emoji ya ndizi. Ya pili yalikuwa swali: "Nani alimfungulia geti?" Ya tatu yalikuwa picha ya mti, bila neno hata moja. Baada ya hapo zikaja emoji za kucheka kwa mamia, na kila mtu aliyecheka alikuwa ameelewa.

Niliripoti yale matatu kwa wenye mtandao. Jibu lilikuja asubuhi, kwamba maoni hayo yamekaguliwa na hayakukiuka kanuni za jumuiya. Ndizi ni tunda, mti ni mti, na geti ni geti. Nilikaa na simu mkononi nikijiuliza ningemweleza nini mtu aliye upande wa pili, kama yupo, ili aone nilichokiona.

Nikaanza kuyafuta mwenyewe. Ndani ya nusu saa nilipokea jumbe za faragha kutoka kwa wanachama wa siku nyingi, watu ninaowaheshimu, wakinilaumu kwamba nawanyima mashabiki haki ya kukasirika. Mmoja, mwenzangu wa muda mrefu aliyekuwa akituandalia ratiba za mechi, aliniambia kwamba yule beki ni wetu na kwa hiyo tuna haki ya kumsema tunavyotaka, ila wa timu pinzani wakimgusa tutawashukia. Mleta mada umesema tunawatetea wa kwetu wanapokosea. Mimi nimeona pia kwamba tunajipa ruhusa ya kuwabagua wa kwetu wanapotufungisha. Sijui kama jaribio lako la kubadilisha majina linalifikia hilo.

Mchangiaji wa 6

Nimesubiri mtu aguse muziki, maana kichwa cha uzi kimeutaja na watu wote wamekimbilia mpira. Huko ushabiki ni mkali zaidi, kwa sababu shabiki wa muziki hana ligi wala mwamuzi, ana msanii wake tu.

Kundi la wasichana la Fifth Harmony ndilo somo ninalolirejea kila mara. Agosti 2016 Normani, mweusi pekee katika kundi lile, aliulizwa kwenye mahojiano awaeleze wenzake mmoja mmoja, na alipofika kwa Camila Cabello akasita kidogo kabla ya kumwelezea. Kusita kule kulitosha. Watu waliojiita mashabiki wa Camila walimwandama Twitter kwa matusi ya rangi, vitisho vya kuuawa na picha za kumdhalilisha walizozitengeneza, hadi akatangaza kuondoka kwenye mtandao ule. Miaka 3 baadaye, Desemba 2019, yakaibuka machapisho ya zamani ya Camila mwenyewe kwenye Tumblr, ya enzi za ujana wake, yakiwa na maneno ya kuwadhalilisha watu weusi. Aliomba radhi na kusema alikuwa mjinga na anaona aibu. Sina sababu ya kutilia shaka radhi yake. Lakini kwa mtu aliyekuwa akimfuatilia Normani tangu mwanzo, matukio yale mawili yalisomeka kama kurasa mbili za kitabu kimoja.

Wala tusidhani ubaguzi una rangi moja ya ngozi. Mei 2016 Azealia Banks, rapa wa Marekani na mwanamke mweusi anayejua vizuri uchungu wa kubaguliwa, alimshambulia mwimbaji wa Uingereza Zayn Malik kwa asili yake ya Kipakistani kwa jumbe nzito kiasi kwamba akaunti yake ya Twitter ilifungiwa na tamasha moja la London likamwondoa. Julai 2020 mwanamuziki wa grime, mtindo wa rap wa London, Wiley, aliandika mfululizo wa jumbe za chuki dhidi ya Wayahudi. Mtandao ulichelewa kuchukua hatua, na watu wengi wakaususia kwa saa 48 ndipo akafungiwa moja kwa moja. Mwaka 2024 alinyang'anywa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Oktoba 2022 ikawa zamu ya Kanye West, na Adidas walipovunja naye mkataba walikadiria kwamba faida yao ya mwaka ule ingepungua kwa hadi euro milioni 250.

Kuna jambo hapa ambalo wapenzi wa muziki hatulipendi. Tunasema kampuni ziadhibu, na wakati mwingine zinaadhibu, lakini ufunguo tunao sisi. Februari 2021 ilipotoka video ya Morgan Wallen, mwimbaji wa country wa Marekani, akitamka neno la kuwatusi weusi, redio ziliacha kupiga nyimbo zake na lebo ikamsimamisha. Mauzo yakapanda. Albamu yake ilikaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki 10. Hao waliokimbilia kuinunua wiki ile hawakuwa wamegundua kipaji kipya. Walikuwa wanapiga kura.

Mchangiaji wa 7

Nina swali kuhusu msamaha. Mei 2020 kijana mmoja wa Ireland alikuwa akicheza mchezo wa kompyuta wa soka, na katika timu yake alikuwemo Ian Wright kama mchezaji wa zamani. Akapoteza mechi. Akafungua Instagram, akamtafuta Ian Wright halisi, mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, akamtumia jumbe za ubaguzi moja baada ya nyingine. Wright aliziweka hadharani, kijana akajisalimisha polisi na kuomba radhi, naye Wright akamsamehe. Mahakamani hakimu alizingatia umri wake na msamaha ule, na kijana akaachiwa bila kuwekewa rekodi ya jinai. Wright alisema amesikitishwa, kwamba alisamehe ili yeye mwenyewe aweze kuendelea na maisha, wala hakukusudia msamaha wake uwe sababu ya kupunguza adhabu.

Upande wa pili yuko Ollie Robinson, mchezaji wa kriketi wa England. Juni 2021 aliichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza pale Lord's, uwanja wa kriketi wa London, siku ambayo wachezaji walijipanga wakiwa wamevaa fulana za kupinga ubaguzi, na siku hiyohiyo zikaibuka jumbe alizoandika Twitter mwaka 2012 na 2013 akiwa kijana. Alifungiwa mechi 8, 5 kati yake zikiwa za masharti kwamba asingezitumikia asiporudia kosa, pamoja na faini ya pauni 3,200. Nawauliza wenzangu: kosa la kijana wa miaka 18 linaisha lini? Na nani ana mamlaka ya kusema limeisha?

Mleta mada

Mkuu wa 7, kwa kesi ya kwanza mimi niko na Wright. Mwenye jeraha anaweza kusamehe sehemu yake, lakini matusi yale yalisomwa pia na watu ambao hakimu hakuwauliza. Kwa Robinson naona adhabu ilikuwa karibu na haki, kwa kuwa ilitambua ujana wake bila kujifanya kwamba maneno hayakuandikwa. Kosa la namna hiyo linaanza kuisha siku mwenyewe anapoacha kulieleza na kuanza kulitaja kwa jina lake. Camila alitumia neno "aibu", Fernández naye aliomba radhi mapema, na hilo nawapa wote wawili.

Mchangiaji wa 5 ameniacha na kazi, nakiri. Nilidhani tatizo ni kumlinda wa kwetu, yeye ametuonyesha kwamba jezi hutumika pia kama hati ya umiliki. Nilikumbuka Jess Carter wa England kwenye Euro ya wanawake ya 2025, aliyeandamwa na matusi ya rangi mtandaoni katikati ya mashindano hadi akalazimika kukaa mbali na mitandao, na kabla ya nusu fainali na Italia timu nzima ikaamua kuacha kupiga goti kabla ya mechi kupinga ubaguzi, kwa kuona ishara ile haitoshi tena. Alirudi kikosini na kuanza fainali, wakalitwaa kombe. Waliomtukana walikuwa wakiitazama timu yao wenyewe. Ndugu, yule mwenzako wa ratiba za mechi mliishia wapi naye?

Mchangiaji wa 5

Nilimpigia simu kesho yake, kwa sababu niliona ujumbe wa maandishi ungetugombanisha. Nikamwomba afanye jambo dogo: ayasome yale maoni matatu kwa sauti, moja baada ya jingine, kana kwamba yule beki amekaa naye chumba kimoja. Alisoma la kwanza. Alisoma la pili nusu. La tatu halikuwa na maneno ya kusoma, na hapo akakaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba ninakuza mambo na kwamba mpira hautaki watu laini.

Wasimamizi tulikutana Jumapili ile tukaandika kanuni moja kwenye ukurasa wa mbele wa kundi: maoni yoyote juu ya mwili, asili au rangi ya mchezaji yanafutwa, awe wetu au wa wapinzani, na anayerudia anaondolewa bila kujali amekaa kundini miaka mingapi. Wiki ya tatu mtu wa kwanza kurudia alikuwa yeye. Alikuwa ameandika juu ya mshambuliaji wa timu pinzani, na mchezaji yule alikuwa ametufunga mabao mawili, kwa hiyo hakuna hata mwanachama mmoja aliyeripoti. Nilimwondoa mimi mwenyewe saa 4 usiku. Kufikia asubuhi wanachama 43 walikuwa wamejitoa pamoja naye, na ratiba ya mechi ya wiki iliyofuata ikabidi niiandae mimi.